Tuko Tu

Profesa wetu wa sinema hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na ndiye aliyemtafsiri mama yangu mdogo. Nimejaribu mara nyingi kuanza na jambo jingine, na mto, na chuo, na ujana wetu, lakini hasira hunirudisha palepale. Basi acha ianze yenyewe.

Tulikuwa wachache, kila mmoja na licence yake, shahada ya kwanza, tayari, tuliochaguliwa kufanya masomo ya juu ya sinema hapa Kisangani. Si sinema za mapenzi wala za kupigana bastola. Tulisomea filamu za hali halisi, zile wanazoita documentaire, ambamo mtu wa kweli anafanya kazi yake ya kweli na wewe unamtazama mpaka umwelewe. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Zaire ya wakati ule ilikuwa ya chama kimoja na ya nguo moja: wanaume abacost, ile suti isiyo na tai, wanawake pagne ya kitenge, na suruali kwa mwanamke ilikuwa kesi. Jaribu wewe kupanda behewa la mizigo na kamera begani huku pagne inakubana magoti, na askari chini anakutazama kama utavunja sheria au shingo. Sisi wote tuliitwa citoyen na citoyenne, ilikuwa lazima. Profesa peke yake alibaki monsieur, na monsieur alivaa kaptura.

Sitamnyima haki yake. Kazi aliijua. Alinifundisha kusubiri na kamera bila kumsumbua mtu, na kwamba ukimwambia mtu "rudia tena" umekwisha kumgeuza mwigizaji. Na siku ya kuchagua mada ya filamu ya kumalizia masomo aliniambia neno zuri: nenda kwa watu wako, piga kile unachokijua.

Nilichokijua mimi ni mama mdogo. Ni yeye aliyenilea mtaani Mangobo baada ya mama yangu kufariki, na ada zangu zote, toka shule ya msingi mpaka chuo, zilinuka samaki. Alikuwa akivuka mto kwenda ng'ambo ya kushoto, kwenye gare, yaani stesheni, anapanda treni ya Ubundu na sabuni na chumvi, anarudi na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Nasema anarudi, lakini ilikuwa pale treni inapotaka. Mara mazout, mafuta ya treni, imekwisha, mara mkubwa fulani ameichukua lokomotiva kwa mambo yake. Wanawake wanabaki Ubundu wamelala juu ya mizigo, mvua inawapiga, samaki wanapata unyevu, wadudu wanaingia. Ukifika nyumbani na nusu ya mzigo, unasema asante Mungu.

Nilipomwomba nimpige filamu alikuwa anaponda ndizi za lituma, na mchi hakuuacha.

"Miye? Pamoja na hii miguu?"

"Pamoja na miguu, Mama. Nitakuuliza habari ya treni, utajibu vile unapenda."

Akaponda kidogo. "Bon. Lakini utatia maneno yangu vile niliisema. Usiongeze chumvi. Chumvi ninauzisha miye mwenyewe."

Nikaapa kwa kaburi la mama. Akacheka, akaniambia niache mama yangu alale, kuapa kwa mdomo kunatosha.

Tukaenda Ubundu pamoja na mwanafunzi mwenzangu aliyebeba mashine ya sauti. Kamera yetu ilikuwa ya kukaza kwa ufunguo kama saa ya mezani, picha peke yake. Sauti tulikuwa tunaichukua mbali, kwenye utepe, na kuziunganisha baadaye. Treni ya kurudi haikuja. Haikuja siku ile wala iliyofuata, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa maana ndiyo filamu niliyokuja kuitafuta. Kwenye ukuta wa gare palikuwa na ubao mweusi ambapo chef de gare aliandika kwa chaki saa ya kuondoka. Juu ya ubao ilikuwa picha ya Mkubwa wa nchi na kofia yake ya chui, kama ilivyokuwa juu ya kila kitu. Kwenye ubao pameandikwa neno moja la Kifaransa: néant. Hakuna.

Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya kikapu chake. Nikamuuliza, "Mama, habari ya treni?" Aligeuka akatazama ubao, akausoma, maana kusoma alijua, akarudisha uso kwangu akasema taratibu, bila kelele:

"Bon, treni iko. Bakubwa iko. Samaki yetu inaoza. Alors sisi, tuko tu."

Kamera ikaishiwa ufunguo palepale, kama nayo imesikia.

Kwa asiye wa kwetu, inafaa niseme kidogo. Hapa mtu akikuuliza habari, ukijibu "niko muzuri", pengine unadanganya. Ukijibu "niko mubaya", unaonekana unaomba. Kwa hiyo tunajibu "niko tu". Haidanganyi wala haiombi. Maana yake: sijafa, sijapona, usiniulize zaidi, lakini ujue kwamba najua. Katika miaka ile neno hilo lilikuwa mlango ambao watu wengi walipitia ili waseme bila kusema. Na mama mdogo alilisema vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia.

Tulirudi, tukafanya montage. Chumba cha kuunganisha filamu kilikuwa na joto la kupikia mkate. Profesa alikaa nyuma yangu, nikamchezea kipande kile. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akapiga goti lake kwa kofi.

"Tu! Amesema tu!"

"Ndiyo, monsieur, amesema tu."

"Na ameitazama picha! Umeona? Anageuka, anaitazama picha ya Rais, halafu anamwita wewe. Hamwambii vous ya heshima, anamwambia tu, wewe ya karibu, kama mtoto anavyomwambia baba. Tuko tu. Tuko nawe! Hii ndiyo Afrika yenyewe!"

Msomaji, nilifikiri anatania. Alikuwa amekwisha kuokota kwamba "tuko" maana yake "nous sommes". Kilichobaki akajaziliza na Kifaransa cha kwao. Nikamweleza kwamba "tu" yetu si "tu" yao, kwamba yetu ni kama kusema hivyohivyo, bila zaidi. Nikamweleza kwamba alitazama ubao na si picha, kwamba kichwa kinachogeukia chaki kinaonekana kimegeukia picha kwa sababu vyote viwili vimetundikwa msumari mmoja juu ya mwingine. Nikamwambia kwamba mwanamke ambaye samaki wake wanaoza hana muda wa kumwambia mtu yeyote "niko nawe".

Akanitazama kwa huruma. Huruma ile sitaisahau. Akasema shida yangu ni kwamba niko karibu naye mno. Mtengeneza documentaire anahitaji umbali, naye, kwa kuwa anatoka mbali, anasikia kile ambacho sikio langu limezoea.

Hebu fikiri. Nimekula kwa mkono wa mama yule, nimelala mgongoni mwake, nimejifunza kusema kwa kuangalia midomo yake, na hicho ndicho kinachonizuia kumwelewa! Yeye, ambaye sokoni ananyoosha kidole kwenye nyanya kama bubu, anamsikia vizuri zaidi kwa sababu ya umbali. Nilisimama. Nilipaza sauti mpaka mwenzangu wa sauti akatoka nje. Nilisema kwamba kama neno lile litaguswa, filamu si yangu, wampe mwingine diploma. Tukavutana mchana mzima. Mwishowe profesa akainua mikono.

"D'accord, d'accord. Tutaiacha sauti yake peke yake. Hakuna commentaire ya msimulizi juu yake."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Profesa ni profesa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na mwaka wa tatu, na jembe bado tulilishika sisi. Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima kwa taifa: kila citoyen na citoyenne barabarani, kufyeka majani na kuzibua mifereji, na anayekosa anaandikwa. Wageni salongo haikuwahusu. Kwa hiyo Jumamosi moja, mimi nikiwa Mangobo ndani ya mfereji mpaka magotini, nachota matope ya watu, profesa alimwita msemaji mmoja wa redio mwenye sauti tamu, wakafunga mlango, wakatia sauti ile juu ya filamu yangu. Nilikuwa nafanya kazi ya taifa wakati wananiibia. Mkuu wa idara, mwenzetu, mtoto wa hapahapa, ndiye aliyewafungulia chumba. Hayo yote niliyajua baadaye.

Siku ya kuonyesha filamu za wanafunzi wageni walitoka Kinshasa: mjumbe wa chama na watu wake, wenye Kifaransa na Lingala, Kiswahili hawana. Ilikuwa saa za alasiri. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa vitambaa vyeusi, na joto lilikuwa la kumkausha samaki bila moshi. Kwanza kikundi cha animation kilicheza na kuimba sifa za Mkubwa kama kawaida, jasho likiwatiririka. Mama mdogo alikuja na wenzake wawili wa treni. Alikuwa ameshona pagne mpya na kusuka nywele, na alikaa kando yangu ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Kabla taa hazijazimwa alininong'oneza:

"Miguu inaonekana?"

"Kidogo tu, Mama."

Filamu ilianza. Mto, pirogue za kuvukia, mizigo, wanawake juu ya mizigo. Watu walicheka vizuri, walitambua dada zao. Kisha ukaja uso wake, mkubwa kama mlango, na sauti yake: "Bon, treni iko..." Na juu yake, kama mtu anayekaa kwenye kiti ambacho mwenzake hajakiacha, ikapanda sauti tamu ya redio, kwa Kifaransa: treni ipo, viongozi wetu wapo, na sisi, ee Baba, tuko nawe. Samaki hawakuwamo. Waliwatoa kabisa, na harufu yao pia. Kisha wakaibakiza picha ya ukuta muda mrefu, bila ubao. Walikuwa wameukata ubao wangu!

Mbele, watu walipiga makofi. Mama mdogo akanivuta mkono.

"Ule papa, ule mwanaume, ni nani? Anasema nini juu ya mudomo yangu?"

Nikamwambia neno kwa neno, sikioni. Sikumficha hata moja. Niliona taya lake likikaza katika ule mwanga wa filamu. Akanipa mkoba wake. Akasimama.

"Hapana!" alisema. "Sikusema vile! Nilisema tuko tu. Tuko tu!"

Nusu ya ukumbi, ile ya Kiswahili, ikaangua kicheko, halafu ikanyamaza ghafla, maana kila mtu alikumbuka yuko wapi. Mashine ikasimamishwa, taa zikawashwa. Mlangoni palikuwa na wanaume wawili wa abacost ambao kazi yao haikuhitaji kuelezwa. Mjumbe aligeuka polepole akauliza mama huyu anasema nini. Mkuu wa idara, aliyejua Kiswahili kuliko mimi, akawa anatazama viatu vyake. Profesa akanitazama mimi.

"Citoyenne, anasema nini?"

Nikamtazama mama mdogo amesimama pale na pagne yake mpya. Nikawatazama wale wa mlangoni. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama kikapu cha Ubundu. Nikajibu kwa Kifaransa:

"Anasema kile alichosema."

"Mnaona!" profesa akapaza sauti, furaha imemjaa mpaka kwenye masikio. "Anarudia mwenyewe! Tuko nawe!"

Mjumbe akasimama akapiga makofi. Na mjumbe akipiga makofi, nani anakaa? Ukumbi wote ukainuka. Wale wa animation, mabingwa wa kudaka neno, wakapiga ngoma yao wakaanza kuimba, "Tuko tu! Tuko tu!" na watu wakaitikia, wengine kwa woga, wengine kwa kejeli, meno nje, wakijua wazi wanachokiimba mbele ya wakubwa wasiokijua. Hata leo kuna watu Kisangani wanaosimulia siku ile kama mzaha mkubwa, jinsi tulivyowaimbia wakubwa taabu yetu usoni wakafurahi. Wacheke. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mwenye neno. Yeye hakuimba wala hakupiga makofi. Mikono yake ilikuwa imening'inia, na alikuwa anawatazama watu mmoja mmoja kama mtu aliyeamka katika nyumba isiyo yake.

Mjumbe alimfuata akamshika mkono, akamwambia kwa Lingala kwamba ni mama wa kweli wa taifa. Akampa pagne yenye uso wa Mkubwa kifuani na mgongoni. Mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, kwa sababu kitu kile hakikataliwi. Mkuu wa idara akanipitia karibu, akaniambia kwa Kiswahili, bila kugeuza kichwa:

"Citoyenne, ushukuru. Ule muzungu amekuokoa, weye na yeye."

Kuokoa! Wanaiba nyumbani kwako halafu wanakuambia ushukuru kwamba hawakuichoma.

Tulirudi Mangobo kwa miguu. Wenzake wa treni walikuwa mbele wakicheka, wakiiga sauti ya papa wa redio. Yeye alitembea nyuma nami, pagne ya chama kwapani. Tulipokaribia soko akauliza:

"Alipokuuliza, weye ulimuambia nini?"

"Nilimuambia, Mama, unasema kile ulisema."

"Basi donc, hata weye haukuisema."

"Mama, wale batu kwenye mulango..."

"Niliwaona. Ndiyo sababu yao nilisimama, wasikie." Kisha akanishika bega, akaona nalia. "Sikukasirikii weye. Tuende, moto itazimika."

Diploma nilipewa, na neno zuri la sifa juu yake. Filamu ilipelekwa Kinshasa na huko ikapotea. Profesa alimaliza mkataba akaenda zake, na naamini mpaka leo, kama bado yuko hai, kuna mahali anawasimulia watu habari za mwanamke wa Ubundu aliyemwambia Rais "tu". Sina njia ya kumfikia. Hilo ndilo linaloniwasha: kwamba uongo una tiketi ya ndege, na sisi tunasubiri treni.

Mama mdogo aliendelea na biashara. Pagne ile aliiweka chini kabisa ya kasha na hakuivaa. Kwenye gare wenzake walimwita Maman Avec-Toi, Mama Tuko-Nawe, kwa utani, naye alicheka nao, maana alijua hawamchukii. Lakini nilianza kuona kitu. Jirani akipita asubuhi, akamsalimu kama alivyomsalimu miaka yote, "Mama, habari?", alikuwa akifungua mdomo, akisita kidogo, kisha akijibu kwa Kifaransa, lugha ambayo nyumbani hakuwa akiitumia na mtu.

"Ça va," alikuwa akisema, yaani mambo yanakwenda, na kuinama tena kwenye samaki.

"Tuko tu" sikumsikia akilisema tena mpaka alipokufa.